Ndevu za Pango Ambazo Sikuzirudisha

Ndevu za pango la Noeli nilizishusha mjini kichwani mwangu mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu wajukuu zangu, wakiona chemchemi yetu inavyodondoka siku hizi, huwalaumu wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Wafanyabiashara walikuja, ndiyo. Lakini walikuta kazi imeshaanza, na aliyeianza ni mimi bibi yao.

Nieleze kwanza ndevu ni kitu gani, maana mtu aliyekulia tambarare hawezi kujua. Juu kwetu Uluguru, pale mashamba yanapokwisha na msitu unapoanza, ukungu hushuka mchana kweupe na kulowesha nguo kuliko mvua. Miti ya huko haikai uchi. Imevaa kitu kibichi, laini, kinachofunika shina na kuning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee asiyejua kinyozi. Wasomi wana majina yao, sisi tulisema ndevu tu. Ziko za namna nyingi, na nyingi ziko kila mahali. Hizi ninazozisema mimi zilikuwa na rangi ya majani machanga yaliyopigwa na jua, nyuzi zake zimefumana kama mkeka, na hatukuziona penginepo ila kwenye kibonde kimoja, kile chenye chemchemi ya ukoo wetu. Ukizikamua kama nguo zilitoa maji. Ukizikamua kiangazi, wakati hata vumbi limechoka, bado zilitoa maji. Ndiyo maana mama yangu alisema kibonde kile kinanyonyesha.

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Mama aliipokea chemchemi kwa mama yake, mimi niipokee kwake, binti yangu aipokee kwangu. Maji yalitoka chini ya jabali, yakaingia kwenye mwanzi uliopasuliwa katikati, yakashuka mpaka kwenye ngazi tulizochonga mteremkoni za saladi, karoti na stroberi. Ondoa maji yale na shamba letu ni mteremko wa mawe.

Ndevu hazikuchumwa ovyo. Zilichumwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, kutandikia pango la Noeli kanisani. Wanawake wa ukoo walipanda na tenga moja, na walichukua zile zilizoota kwenye magogo yaliyoanguka, kamwe si kwenye mti uliosimama. Ikipita sikukuu ya Mamajusi pango likavunjwa, ndevu zilirudishwa msituni. Ndiyo, zilirudishwa. Tulizilaza juu ya gogo lilelile, upande wa kivuli, tukazimwagia maji ya chemchemi, tukasali Salamu Maria moja, tukashuka. Padri mmoja wa zamani aliwahi kutucheka kwa jambo hilo. Mama alimwambia, "Baba, tumeazima. Kitu cha kuazima kinarudi." Padri hakucheka tena, hata akawa anamkumbusha katekista.

Basi ukaja wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru. Kabla yake tulikuwa na shida ya kila kitu. Sabuni ilikatwa vipande kama dawa. Ghafla maduka ya Morogoro yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mwenye miguu akawa anauza kitu. Madalali walikuja kutoka Dar kununua mboga. Mimi nilikuwa mama wa makamo, nina mgongo wa kubeba na mdomo wa kuuza. Adui yangu alikuwa njia. Nyanya za Dumila zinavumilia lori, saladi yetu haivumilii hata matembezi. Nilikata alfajiri ikiwa inacheka, nikifika sokoni imelala.

Kulikuwa na mama mmoja dalali wa Dar, mnene, ana kitambaa cha kufutia jasho shingoni. Aliinua saladi yangu kwa vidole viwili mbele ya watu.

"Mama wa mlimani, hii ni saladi au tambara la kupigia deki?"

"Ni saladi, dada. Imechoka na safari."

"Basi ipe kiti ipumzike. Ningekuwa na sungura ningekununulia."

Soko zima lilicheka. Mimi si mtu wa kuchekwa. Nilipanda mlima jioni ile na tenga zima la mboga zilizokataliwa, nikawapa nguruwe wa misheni, na hasira yangu haikuisha mpaka Noeli.

Mwaka ule zamu ya kurudisha ndevu ilikuwa yangu. Asubuhi baada ya sikukuu ya Mamajusi katekista alinikabidhi tenga, bado zimelowa, na majani makavu mawili matatu yaliyobaki kwenye hori la Mtoto Yesu. Nyumbani saladi yangu ilikuwa imeshakatwa, inangoja. Njia inagawanyika nyuma ya kanisa: moja inapanda msituni, nyingine inashuka mjini. Niliifuata, nikarudi nikasimama pale na matenga mawili. Nikajiambia nitazirudisha kesho. Nikatandika ndevu chini ya saladi, nikatandika nyingine pembeni, nikafunika juu, nikashuka.

Sokoni nilifunua. Mvuke baridi ukatoka. Yule dalali alichukua saladi moja, akavunja jani, likalia kwa sauti. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Leo umeshuka na ndege?"

"Nimeshuka na miguu yangu, dada. Unanunua au nimwite mwenye sungura?"

Alinunua zote. Kicheko siku ile kilikuwa changu. Nakiri, nilikuwa na furaha ya kupita kiasi. Ndevu zile nilizitumia tena siku mbili zilizofuata, na zilipoanza kuwa kahawia nilizitupa kwenye mtaro wa sokoni, kwenye maganda ya ndizi na maji ya samaki. Kitanda cha Mtoto Yesu nikakitupa mtaroni. Siku ile sikukifikiria hivyo. Nilikuwa nafikiria tenga linalofuata.

Jioni mama aliniuliza, "Umezirudisha?"

"Nimezirudisha."

"Umezilaza upande gani?"

"Upande wa kivuli."

Akaendelea kupepeta maharage. Uongo wangu ulikuwa na kivuli chake kabisa, utadhani ni kweli.

Nilianza kupanda msituni peke yangu. Kwanza nilichukua za kwenye magogo, kama desturi, ila si Desemba na si tenga moja. Magogo yakaisha. Nikaanza za kwenye mashina, chini, pale mkono unapofika. Nikajiambia zitaota. Kitu kinachoota chenyewe bila jembe, bila mbegu, mtu huona hakiwezi kwisha. Mboga ukikata leo, baada ya wiki kadhaa umepata nyingine. Mimi ni mkulima, hivyo ndivyo nilivyojua ulimwengu. Sikujua kwamba ndevu za unene wa kidole ni umri wa mtu.

Siri ningeweza kuikalia, ila sifa ni ugonjwa wangu. Wanawake wenzangu walinikuta kwenye jiwe la kupumzikia, katikati ya mteremko, matenga yetu yamewekwa chini.

"Dada, saladi yako unaipaka mafuta ya kujipaka? Mbona inang'aa namna hiyo?"

"Muone mwenzetu, anajifanya hasikii."

Ningesema nimeamka mapema kuliko wao, mambo yangeishia pale. Badala yake nilifunua tenga kama bwana harusi anayefunua shela. Walishika, wakanusa, mmoja akasema "Ee Mungu wangu, za pango hizi!" Mwingine akamjibu, "Pango limeshavunjwa, kula maisha." Tulicheka sote. Mwezi uliofuata kila tenga lililoshuka upande wetu lilikuwa na matandiko.

Kisha akaja bwana mmoja na pikapu, miwani myeusi, koti la mtumba. Alisimama kwenye matenga yetu akaanza kutoa saladi na kuziweka pembeni.

"Vipi wewe, unachagua au unafukua?"

"Shikamoo mama. Saladi sitaki. Nataka haya manyoya."

Tulishika mbavu. Mtu anaacha chakula ananunua matandiko! Kumbe huko Dar watu walianza kufanya harusi za maua mengi na misiba ya mashada makubwa, na manyoya yale yalitandikwa kwenye vikapu vya maua ili yasinyauke. Alitaka kwa magunia. Alitaka makavu, kwa sababu makavu ni mepesi kubeba, na akiyatia maji yanarudi kijani siku mbili tatu, zinatosha harusi.

Hapo wanaume wakaingia. Walipanda na ngazi, wakaivua miti ndevu zake kuanzia matawini, walipoona tabu wakaangusha mti wenyewe wakaupara ukiwa chini, kama kuku. Mahali mti ulipoanguka jua liliingia, na mahali jua lilipoingia kuna mtu alipanda kabichi, akachoma majani akiandaa shamba, moto ukalamba pembeni. Tulikuwa tunagombana nani anakula mpaka wa nani. Mimi niliezeka nyumba kwa bati, ya kwanza upande wetu. Mvua ikinyesha nililala nasikiliza bati langu linavyolia, nikaona nimewashinda wote walionicheka.

Mama hakuingia nyumba ya bati. Alibaki kwenye ya nyasi, hatua chache kutoka kwangu. Wala hakugomba. Kila asubuhi alipanda kwenye chemchemi akarudi na ndoo, na ndoo ilichelewa zaidi kila mwaka. Mwanzi uliokuwa ukijaa mpaka kufurika ukawa nusu, kisha ukawa kamba nyembamba ya maji katikati ya mwanzi mpana. Stroberi zangu za ngazi ya chini zilikufa. Nikasema ni kiangazi.

Siku moja mchana alikuja mgeni, msomi, mtu mzima mwenye miwani na begi la turubai, magoti yake yana matope. Alikuwa amezunguka misitu ya milimani anatafuta mimea midogo. Alitusalimu vizuri, akamwamkia mama shikamoo kwa kuinama. Nilimkaribisha uani. Kiti kimoja kilikuwa cha mama, kingine kimevunjika mguu. Kwa hiyo nilimkalisha kwenye magunia matatu yaliyokuwa yamefunikwa mkeka, nikampa chai. Yalikuwa ya yule bwana wa pikapu, yamejaa, yanangoja kushuka.

Mgeni alitoa bahasha ya gazeti, akafungua. Ndani kulikuwa na kipande kikavu, kidogo kama ukucha.

"Mama, hii mnaifahamu? Nimeiona imeshikilia kwenye mzizi mmoja tu huko juu. Nimeitafuta milima mingine sijaiona. Nafikiri haiko popote duniani ila kwenye kibonde hiki, na nimetembea siku nne kibondeni, sijapata nyingine. Ikiisha hapa, imeisha."

Nilisema, "Sisi huku tunaona majani tu, baba. Hatuna elimu."

Akashukuru, akapuliza chai yake. Mama alikuwa mlangoni kwake, anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mgeni," alisema, "inuka kidogo."

"Naam, mama?"

"Unachokitafuta umekikalia."

Aliinuka. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Alivuta mkeka, akafungua mdomo wa gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilingoja anitukane, ningejua la kumjibu. Hakutukana. Alitoa konzi moja akaitazama muda mrefu kwa kioo kidogo cha kukuzia alichokitoa mfukoni, kisha akarudisha ile konzi guniani taratibu, akakunja mdomo wa gunia kama mtu anayemfunika maiti uso. Aliuliza, "Zilizobaki ziko wapi?"

Nilimpeleka. Kwenye jabali la chemchemi, upande ambao ngazi za wanaume hazikufika kwa utelezi, kulikuwa na kipande cha ukubwa wa ungo.

"Hizi tu?"

"Hizi tu."

Aliandika kwenye daftari, akashuka. Alisema atarudi. Hakurudi, au alirudi upande mwingine, sijui.

Magunia yale sikumpa bwana wa pikapu. Alipiga honi kule barabarani mpaka akachoka, akanitumia matusi kwa mdomo wa watu. Mimi niliyapandisha msituni, safari tatu, gunia moja moja, kichwani. Nilitafuta mashina yaliyobaki nikazifunga ndevu kwa kamba za mgomba, kama mtu anavyofunga kidonda. Nilizimwagia maji. Zilirudi kijani! Nililia kwa furaha, nikashuka nikamwita mama aje aone.

Mama alipanda kwa fimbo, akipumzika kila hatua kumi. Tulipofika, siku ya nne tangu nizifunge, zilikuwa za kahawia na zinanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Aligusa moja, ikabaki mkononi mwake.

"Ulizilaza upande gani?" aliniuliza.

"Upande wa kivuli, mama." Safari hii nilisema kweli.

Alitazama juu. Hakukuwa na matawi. Jua lilikuwa linatupiga sote wawili utosini.

"Kivuli kipi?"

Hakuniuliza kitu kingine kuhusu ndevu mpaka alipofariki, mvua za mwaka uliofuata. Tulimwosha kwa maji tuliyoyatoa mtoni bondeni, kwa sababu mwanzi wake haukuweza kujaza ndoo kabla ya mazishi. Niliandika sentensi hii mara mbili na kuifuta. Naiacha.

Chemchemi ikawa yangu, pamoja na ule ungo wa ndevu kwenye jabali. Nikakataza. Nilikaa pale na panga kama mwendawazimu, nikamfukuza aliyekuja na gunia na aliyekuja na maneno matamu. Aliyenishinda kumfukuza ni binti yangu. Bwana wa pikapu alikuwa amempata yeye. Binti yangu alikuwa ana watoto watatu, anauza karoti kwa shida, na nyumba yake ni ya nyasi.

"Mama, ndevu za jiwe moja tu."

"Hapana."

"Wewe umeezeka bati kwa ndevu. Mimi nikiomba jiwe moja unanishikia panga?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni haki, mama?"

"Si haki. Mimi nimekula, wewe umekuta sahani. Lakini sahani hii huilambi, maana ndiyo inayotoa hayo matone unayompikia mwanao uji."

Alinitazama kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Tulikaa miezi bila salamu. Watoto wake walikuja kwangu kula, wakaondoka bila kuniaga, walivyofundishwa. Hakugusa jiwe, namshukuru, ila hakunisamehe pia, na sikumwomba anisamehe.

Noeli ilipokaribia katekista alikuja. Alikuwa mwingine, mdogo, mwenye adabu.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuomba ndevu za pango. Kidogo tu, za desturi."

"Marahaba. Desturi niliiua mimi. Hakuna."

"Bibi, hata kiganja kimoja? Mtoto Yesu atalala wapi?"

"Alale kwenye nyasi kama alivyolala kwao. Yeye alishanikopesha tenga zima, nikalitupa mtaroni. Mwambie padri naungama hadharani, asisumbuke kunisubiri kitubioni."

Walitandika karatasi za kijani kutoka dukani. Wajukuu walizipenda, zinameremeta.

Sasa jabali halina mti wa kulikinga. Ukungu ukija haukai, hauna pa kushika. Nilikata miti minne ya mianzi, nikaisimika kuzunguka jabali, nikaezeka nyasi juu yake. Kibanda cha jiwe. Watu wanaopita kwenda mashambani mwao hucheka: "Bibi amelijengea jiwe nyumba, litaoa lini?" Nawajibu likioa nitawaalika waje na mashada. Nyasi nabadilisha mwenyewe, magoti yakiniruhusu.

Kila mwaka, asubuhi baada ya sikukuu ya Mamajusi, siku ambayo njia iligawanyika nyuma ya kanisa, napanda na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa kwanza wa huyo binti. Yeye ndiye atakayeipokea chemchemi, na siku hizi mama yake anamruhusu. Ni hodari, darasani anawapita wavulana wote, na ana mdomo kama wangu. Tunamwaga maji tuliyoyapandisha kutoka mtoni, ndoo kwa ndoo, maji yanapanda mlima kunywesha chemchemi. Kisha tunapima upana wa ndevu zilizobaki kwa viganja vyangu, yeye akihesabu kwa sauti.

Mwaka jana vilikuwa vitatu. Mwaka huu nimeweka cha kwanza, nikaweka cha pili, na cha tatu kikagusa jiwe kavu.

"Bibi, weka tena," aliniambia. "Umekosea."

Nikaweka tena.